Mpaka wa bahari kati ya Vanga, Moa na Pemba: ruhusa ya 1976 ambayo hakuna anayeitumia

Mtu wa Moa (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, kila panapozungumzwa ushirikiano wa kibiashara kati ya Kenya na Tanzania, mazungumzo hukomea Namanga, Holili na Horohoro, yaani kwenye lami na malori, kana kwamba mpaka ukishafika ufukweni Jasini unaishia hapo na baharini hakuna watu. Mimi nimezaliwa Moa, wilaya ya Mkinga. Mama yangu ni wa Jimbo, upande wa Kenya, na shangazi yangu ameolewa Wete. Familia ya namna hii kwetu si kioja. Wavumba, Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili, na magofu ya Vumba Kuu, ambako madiwani, yaani watawala wa zamani wa Wavumba, walikuwa wakiutawala mwambao huu, yako mwendo mfupi tu kutoka kwenye mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 kuanzia mlango wa mto Umba.

Serikali zetu mbili zilikubaliana kuhusu mpaka wa baharini kwa kubadilishana barua, moja ya tarehe 17 Desemba 1975 na nyingine ya tarehe 9 Julai 1976. Wanaoyajua makubaliano hayo huyataja kwa ajili ya mstari wenyewe, nani anamiliki wapi. Lakini ndani yake kuna kifungu cha uvuvi kinachosema kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wanaovua kwa ajili ya kujikimu, waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka huo kwa kufuata kanuni zilizopo, na kwamba kila nchi itambue leseni, kanuni na desturi za mwenzake zinazowahusu wavuvi hao. Maili 12 za baharini ni kama kilomita 22. Tandikeni ramani mpime: Vanga, Jimbo, Shimoni, Wasini, Jasini na Moa zote zimo.

Kwa nini basi hakuna anayeitumia ruhusa hiyo? Kwa maoni yangu jibu liko kwenye kalenda. Miezi saba baada ya barua ya pili, Februari 1977, mpaka ulifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kifungu kilizikwa kikiwa kichanga, na mpaka ulipofunguliwa tena watu walishughulikia barabara, mali za Jumuiya na madeni. Wavuvi hawakuingia kwenye ajenda.

Wavuvi wenyewe hawakungoja. Kila kaskazi bahari inapotulia, madau ya Pemba huvuka mkondo, kiasi cha kilomita 50 hivi, mabaharia wakapiga dago, yaani kambi za muda za uvuvi, Shimoni, Vanga, Moa na kwingineko kwa miezi mitatu au minne, kisha wakarudi kwao kabla kusi haijakaza. Nahodha anayejiheshimu huja na barua ya utambulisho kutoka kwa sheha au kamati ya wavuvi ya kwao, akaikabidhi kwa BMU, yaani kamati ya kusimamia ufukwe na uvuvi, ya mahali anapofikia. Nimezisoma barua hizo kwa macho yangu: karatasi ya daftari yenye mistari, muhuri wa zambarau uliokaa upande, jina la nahodha, idadi ya mabaharia, aina ya wavu, na mara nyingine neno la kuomba wapokewe vizuri kwa kuwa ni watu wa heshima. Huo ndio mkataba wa nchi mbili unaofanya kazi kila siku katika pwani yetu, ila ukimwonesha askari wa doria katikati ya maji hauna uzito kuliko karatasi ya kufungia kashata.

Sasa tuje kwenye biashara. Shemeji yangu hukausha dagaa pale Moa. Huwachemsha kwa maji ya chumvi, huwaanika juu ya chanja, na jua likiwa kali siku moja inatosha. Bei ya Vanga ni nzuri kwake kuliko ya Tanga mjini. Akitoka Moa asubuhi wakati wa kusi, dau linamfikisha Vanga kabla uji haujapoa. Lakini akitaka kwenda kihalali ni lazima apande gari hadi barabara kuu, afike Horohoro, avuke Lunga Lunga, kisha ateremke tena hadi Vanga, ambako ndiko alikokuwa akielekea tangu mwanzo, na nauli ya magunia imekwisha kula faida ya gunia moja. Niseme kwa haki kwamba pale Horohoro hakuonewa. Bidhaa za Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina utaratibu wake mwepesi, na cheti cha uasili, kinachoonesha bidhaa imetoka wapi, alikipata bila kusumbuliwa. Tatizo ni kwamba meza ya cheti imewekwa kwenye mlango ambao samaki hapiti.

Pendekezo langu ni kwamba tusiombe mradi mpya wala warsha nyingine ya siku tatu hotelini. Tuombe kifungu cha 1976 kitekelezwe kwa kutumia ile barua ya dago iliyokwisha kuwepo, iwe na fomu moja inayofanana pande zote, na shemeji yangu huyo, mwanamke mwenye dagaa, apate mlango wa baharini. Karibuni tujadili.

Mpwa wa Kiwegu

Ndugu Mtu wa Moa, umenigusa kwa sababu niko upande wa pili wa maji hayohayo. Nitaongeza mambo mawili.

La kwanza ni kwamba usipowataja Wapemba wa Kenya mada haijakamilika. Wako watu hapa Kwale na Kilifi ambao babu zao walikuja dago wasirudi, wakazaa na kujukuu, lakini hawakuwa na uraia wa nchi yoyote hadi mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi na kuanza kuwapa vitambulisho. Jirani yangu ni mmoja wao. Alikuwa nahodha bora katika bandari yetu, lakini chombo kiliandikwa kwa jina la mtu mwingine, laini ya simu kwa jina la mtu mwingine, na leseni kwa jina la mtu mwingine, kwa hiyo mwisho wa msimu mgawo wake ulitegemea moyo wa huyo mtu mwingine. Siku alipopata kitambulisho hakufanya sherehe. Alikwenda kusajili laini. Tangu 2015 pesa zinatumwa kwa simu kati ya Kenya na Tanzania moja kwa moja, na yeye alikuwa na mama mzee Micheweni aliyekuwa akimtumia fedha kwa mkono wa mabaharia, zifike au zisifike.

La pili ni mikoko. Vanga, Jimbo na Kiwegu tuna mradi wa kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko, ulioanza 2019 katika eneo la hekta 460, kwa kufuata nyayo za wenzetu wa Gazi ambao walianza 2013 na hekta 117. Fedha zinaamuliwa na wanakijiji wenyewe, zikaenda kwenye maji, shule na mambo ya namna hiyo. Lakini msitu wenyewe haujui Kenya wala Tanzania. Mikoko inaendelea moja kwa moja mpaka Jasini na kuteremka Mkinga. Tukizuia kukata boriti upande huu, mkataji anasogea upande ule, na mnunuzi wa hewa ukaa akiuliza kama ukataji umepungua kweli au umehama tu, tutamjibu nini? Mimi naona vijiji vya Mkinga vingepaswa kuwa washirika wetu tangu siku ya kwanza, si kwa wema wetu bali kwa sababu hesabu yetu haikamiliki bila wao.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha miaka mingi na nimesoma uzi huu kwa makini. Mleta mada ana hoja, lakini nitamwomba asikimbie mbele ya karatasi anayoitegemea.

Kifungu cha 1976 kinazungumzia kuvua kwa ajili ya kujikimu. Mvuvi wa Moa akivua changu upande wa Kenya akarudi nao Moa, kifungu kinamlinda. Akiteremsha samaki hao Vanga na kuwauza kwa mchuuzi wa Mombasa, hapo amekwisha kuingia katika biashara, na biashara ina sheria zake: Umoja wa Forodha ulioanza 2005 na Soko la Pamoja la 2010. Kwa hiyo ni milango miwili, na ukiichanganya katika ombi moja ofisa yeyote atakurudisha nyumbani kwa sababu halali kabisa. Ombi la uvuvi lipelekwe kwa wakuu wa uvuvi. Ombi la dagaa wa shemeji yako lipelekwe kwa watu wa forodha, na wao huuliza kwanza swali moja tu: nani atakaa kwenye hiyo meza ya baharini, kwa mshahara wa nani, siku ngapi kwa wiki?

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Mnasema nchi mbili, lakini kwa uvuvi wa pwani mamlaka ni tatu au zaidi. Uvuvi wa pwani Zanzibar si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi ya 2010 na kamati zake za wavuvi za shehia, na ni uvuvi wa bahari kuu tu ambao pande mbili za Muungano huusimamia kwa mamlaka ya pamoja. Tanzania Bara ina BMU zake. Kenya ina sheria ya 2016, lakini tangu katiba ya 2010 sehemu kubwa ya mambo ya uvuvi iko mikononi mwa kaunti, kwa maana hiyo Kwale ina neno lake na Nairobi ina neno lake. Mpemba anayepiga dago Moa kisha akahamia Shimoni amepita katika taratibu tatu ndani ya kaskazi moja. Nilipokuwa kazini, barua zilizokwama hazikukwama kwa ubaya wa watu; zilikwama kwa sababu ziliandikwa kwa ofisi ambayo haikuwa na mamlaka juu ya jambo lililoombwa.

Bi Mkubwa wa Mwani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa mwani Pemba na nimefurahi kuona mada hii, ingawa mpaka sasa mnaowazungumzia ni wanaume wenye madau, ukiacha huyo shemeji yetu wa dagaa.

Zanzibar ilianza kilimo cha mwani cha biashara mwaka 1989, na leo wakulima ni zaidi ya 20,000, walio wengi wanawake, na sehemu kubwa ya zao inatoka Pemba. Wenzetu wa Kibuyuni, karibu na Shimoni, wanalima mwani huohuo. Tunapanda kwa njia moja: maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yakitoka tunakwenda na vijiti, tunakaza kamba, tunafunga vichane vya mbegu kwa taitai kimoja kimoja mgongo umeinama hadi maji yanapotufikia kiunoni, kisha tunarudi baada ya wiki sita kuvuna. Wao na sisi tunafanya kazi moja, tunauza zao moja, na hatujuani. Mimi nimewajua kwa sababu ya harusi. Nilipofika Kibuyuni walinionesha ghala lao na sabuni wanazotengeneza, na nikawauliza bei ya kilo. Walipotaja, nilikaa kimya kwanza.

Sitaitaja bei hapa kwa kuwa inabadilika, ila nitasema walichonieleza: mwani wao ni mchache, mnunuzi anangoja ujae wa kutosha shehena, na wakati wa kungoja mwani unakaa ghalani ukivuta unyevu. Kwetu mwani ni mwingi lakini wanunuzi ni wale wale, na bei wanakuja nayo tayari. Watu wawili wenye shida zinazokamilishana, na katikati yao kuna mkondo ambao waume zetu wanauvuka kila kaskazi. Jambo jingine ni mbegu. Kotini, aina ya mwani ambayo ndiyo yenye bei, inakufa maji yanapopata joto. Inageuka nyeupe na kukatika mkononi. Kijiji kimoja kikipoteza mbegu msimu huu, kingine kinaweza kuwa nayo kwenye maji ya kina. Tungekuwa na utaratibu wa kukopeshana mbegu kwa kuvuka, tena uliokaguliwa ili tusipelekeane maradhi, tusingeanza upya kila mwaka.

Na kwa kuwa Karani ametaja forodha, nimkumbushe karafuu. Sote wa Pemba tunajua namna karafuu zilivyokuwa zikivushwa usiku kwenda Shimoni na Mombasa, na namna doria zilivyoongezwa mwaka hadi mwaka na magunia yakaendelea kupita. Yalipungua baada ya 2011, serikali ilipompandishia mkulima bei hadi karibu asilimia 80 ya bei ya nje. Mimi nilikuwa nachuma wakati huo, na nawaambia, bei ilifanya kile ambacho boti za doria zilishindwa. Anayevuka usiku anajua hasara ya kuvuka usiku. Mpe njia ya mchana yenye faida, uone kama atapenda giza.

Nahodha wa Jahazi

Bi Mkubwa kasema kweli kuhusu usiku, lakini mimi nilivuka mchana kweupe nikashikwa. Chombo changu kilizuiwa siku tisa na doria moja ambayo sitaitaja, na haikuwa kwa kosa la wavu. Leseni yangu ilisomwa na ikaonekana ni sahihi, ila ni ya upande mwingine. Barafu iliyeyuka siku ya pili. Samaki niliwagawa kwa watu wa kijiji kile kabla hawajaharibika, na ndio walionipa chakula siku saba zilizobaki. Kama kifungu hiki cha 1976 kipo kama asemavyo mleta mada, basi ningependa nakala yake iwe ndani ya chombo, imefungwa kwenye nailoni pamoja na leseni, maana sijawahi kusikia ofisa yeyote akikitaja.

Hata hivyo nina onyo kwa wenzangu. Si kila anayekuja dago anakuja kwa heri. Juya, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, limepigwa marufuku pande zote, lakini wako wanaolivuta ugenini kwa sababu kwao wanaogopa majirani zao. Nyavu za pete zimezua ugomvi mkubwa huko Kenya, wenyeji wenye malema na mishipi wakisema mgeni anafagia kwa usiku mmoja kilichowalisha wao mwezi mzima, na mimi ninayetumia wavu wa pete siwezi kuwaambia kwamba wanasema uongo. Baruti iliyokuwa ikilia Tanga miaka ile ilituharibia miamba sote, samaki hawakuuliza bendera ya mlipuaji. Kwa hiyo barua ikipewa nguvu ya sheria, isiwe ngao ya mharibifu.

Mwana wa Ukara

Mimi ni mtu wa Ziwa Viktoria, naomba niruhusiwe kuchangia kwa kuwa sisi tumepita njia hiyo. Mkataba wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria ulitiwa saini Kisumu mwaka 1994 na Kenya, Tanzania na Uganda, na makao yake yako Jinja. Ni vyema wenzetu wa pwani mjue kwamba mahali ambapo shirika hilo limetufaa zaidi ni pale lilipoweka kipimo kimoja. Kipimo kilichokubaliwa cha sangara wa kuvuliwa kilikuwa kati ya sentimita 50 na 85, uwe Mwanza, Kisumu au Entebbe. Mvuvi anaweza kubisha kuhusu kila kitu lakini hawezi kubishana na rula, na ofisa wa nchi moja anaweza kumkagua mvuvi wa nchi nyingine bila kufungua kitabu kipya cha sheria.

Mahali ambapo hatujafanikiwa ni pale watu walipotaka kwanza kumaliza suala la nani mwenye kisiwa. Migingo ni jiwe dogo lisilofika hata ekari moja, na mvutano wake wa tangu 2004 kati ya Kenya na Uganda umetumia maneno mengi kuliko kilo za samaki zilizotoka pale. Ninyi mna bahati: mpaka wenu ulikwisha kukubaliwa 1976 na hakuna anayeugombania. Anzeni na kipimo cha wavu.

Kijana wa Msimbati

Nawaonea wivu. Huku Mtwara tuna ng'ambo yetu pia, tuna ndugu Msumbiji wanaosema Kimwani ambacho mtu wa pwani akikisikiliza kwa utulivu anakifuata, lakini Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu mashambulizi ya Cabo Delgado yalipoanza Oktoba 2017 safari za vyombo vidogo zimekuwa za mashaka. Anayevuka anatazamwa kwanza kama mtu wa kuchunguzwa. Nasema haya ili mjue kwamba kipindi cha amani mlicho nacho ndicho cha kuandika karatasi zenu. Ikija shida, mvuvi mwenye barua inayotambulika atatofautishwa na asiye nayo.

Mtu wa Moa

Nawashukuru nyote. Nimekubali sahihisho la Karani na nimeligawa ombi mara mbili.

Ombi la kwanza ni la uvuvi, na litategemea kifungu cha 1976 peke yake. Litaandikwa kwa mamlaka zote tatu kwa siku moja, na Kwale ipelekewe yake mbali na Nairobi, ili asiwepo wa kusema hakuulizwa. Tutaomba kwamba barua ya dago iwe na fomu moja, itiwe saini na kamati ya nyumbani na BMU ya ugenini, na doria ya upande wowote iitambue pamoja na leseni. Ninajua kwamba Pemba haiko karibu na mstari kama ilivyo Moa, na kwamba dago nyingi ziko nje ya zile maili 12. Kwa hizo tutaomba kama hisani, hatutadai kama haki. Kwa eneo lililomo tutadai.

Ombi la pili ni la biashara. Kwa swali la nani atakaa kwenye meza, nimezungumza na wazee wa Vanga na jibu lao limenishangaza kwa wepesi wake. Vyombo vikubwa haviingii Vanga ila maji yakiwa yamejaa, na wakati wa bamvua maji hufika hadi mitaani, watu wakatembea wamekunja nguo. Kwa hiyo siku za kupokea mizigo zinajulikana kwa kalenda ya mwezi. Ofisa hahitaji kukaa kila siku. Anaweza kuja siku nne au tano za kila bamvua na meza yake, na wachuuzi watajipanga kwa siku hizo kwa sababu ndivyo wanavyojipanga hata sasa. Cheti ni kilekile cha dola 2,000, ila meza imehamia mahali penye maji.

Kuhusu onyo la Nahodha, nimelichukua pamoja na rula ya Mwana wa Ukara. Barua itaje wavu, na BMU mwenyeji iwe na haki ya kuukagua kabla ya kuipokea. Pia kuna jambo la pweza. Kisiwa Panza na kwingineko watu hufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kwa kuwa pweza hukua haraka, kisha huufungua kwa siku inayotangazwa. Mgeni asiyeijua tarehe anaweza kuchokoa mwamba uliofungwa bila nia mbaya, na pia yuko anayeijua vizuri sana na kufika usiku wa kuamkia kufunguliwa. Barua iwe na tarehe za miamba iliyofungwa mahali mgeni anakofikia, na mgeni atie saini kwamba amezisoma.

Suala la mikoko la Mpwa wa Kiwegu sijalisahau, ila nimeona lina mkataba wake na wanunuzi wake, na nikiliingiza humu litazama pamoja na mengine. Mpwa, nakuomba ulifungulie uzi.

Mpwa wa Kiwegu

Nitaufungua wiki hii. Ila ongeza kwenye barua kitambulisho cha kila baharia, si cha nahodha peke yake. Yaliyompata jirani yangu yalianza hapo, watu sita ndani ya chombo na jina moja kwenye karatasi.

Karani Mstaafu

Mgawanyo huu unapitika. Meza ya bamvua ni wazo ambalo nisingelipata ofisini. Ongezeni sentensi moja tu, kwamba mizigo itakayokutwa nje ya siku hizo itafuata taratibu za kawaida, maana bila sentensi hiyo mtu wa forodha atadhani mnamwomba afumbe macho siku 20 za mwezi.

Bi Mkubwa wa Mwani

Na mimi niko wapi katika barua hii? Nimeisoma mara mbili, naona nahodha, mabaharia na wavu. Nikivuka kwenda Kibuyuni na magunia mawili ya mbegu, nitakuwa baharia au mzigo?

Mtu wa Moa

Bi Mkubwa, niwie radhi, lawama ni yangu. Nimeandika upya. Rasimu ya fomu sasa iko hivi, mtu yeyote aikosoe:

Jina la chombo na namba ya usajili. Jina la nahodha na kitambulisho. Majina ya mabaharia na vitambulisho vyao. Aina ya mtego au wavu. Jina la mkulima wa mwani au mchuuzi anayesafiri na chombo, na kitambulisho chake. Mbegu au bidhaa aliyonayo, kwa kilo, na aliyeikagua. Kamati au BMU inayotoa barua. BMU au kamati inayopokea. Tarehe ya kufika na tarehe ya kurudi. Miamba iliyofungwa na tarehe zake. Saini nne: ya nahodha, ya msafiri, ya wanaotoa na ya wanaopokea.

Nahodha wa Jahazi

Umeandika "aina ya mtego au wavu" ukaishia hapo. Andika na tundu lake kwa inchi, na urefu wake kwa pima. Mimi wangu nitaupima kesho mbele ya watu wa bandari yetu, uwe wa kwanza kwenye daftari.